Mtoto Aliyelala Kwenye Jina la Nne

Siku waliponikatia keki ya kuniaga, wenzangu wa wadi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati waliniomba niwaandikie mambo ambayo hayamo kwenye mwongozo. Nilidhani ni sukari ya keki inaongea. Wiki iliyofuata Doreen, muuguzi aliyechukua meza yangu, akanipigia simu kuuliza nimefika ukurasa wa ngapi. Nilikuwa sijafika popote. Sasa nimekaa hapa nyumbani Kibabii, mgongo ukiwa umeegemezwa kwenye mto kama alivyoagiza daktari, na ninaandika. Vyeo sitavigusa kwa sababu vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Nilianza kazi Kitale, katika wadi ya wanaume waliovunjika mifupa. Kule kazi ilikuwa ya misuli. Asubuhi moja mkuu wa wauguzi akaniambia niende chumba cha watoto njiti kwa wiki mbili tu, kwa kuwa muuguzi wa pale alikuwa ameenda kujifungua. Hizo wiki mbili zimekwisha mwezi uliopita.

Msimamizi wa chumba kile alikuwa Sista Chebet, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye viatu visivyotoa sauti. Nilijitambulisha: Rajabu, kutoka wadi ya mifupa. Akaitazama mikono yangu kwa muda.

"Umewahi kulisha mtoto?"

"Hapana, Sista."

"Wewe mwenyewe umewahi kulishwa?"

Akaniambia nipande kitanda cha uchunguzi nilale chali. Kisha akachukua kikombe kidogo cha dawa, akakijaza chai kutoka kwenye chupa yake, akanimiminia mdomoni yote kwa mpigo mmoja. Nilikohoa hadi chai ikatokea puani. Kina mama wawili waliokuwa wakikamua maziwa pembeni walicheka mpaka mmoja akamwaga yake.

"Sasa unajua," alisema Sista Chebet, akifuta kitanda. "Mtoto ana kazi tatu: kuvuta, kumeza na kupumua. Wewe ni mtu mzima na zimekushinda. Yeye ana kilo moja."

Akanikalisha, akanionyesha tena polepole. Mtoto anyanyuliwe karibu wima. Kikombe kiguse mdomo wa chini tu, maziwa yafike ukingoni, halafu usubiri. Mtoto mwenyewe atatoa ulimi na kuramba kama paka. Usimmiminie hata tone. Kwa wale wadogo zaidi, ambao bado hawawezi kuzipanga zile kazi tatu, tulitumia mpira mwembamba unaopita puani hadi tumboni, na juu yake bomba la sindano lililotolewa kisukumio. Maziwa hushuka yenyewe. Ukitaka yaende haraka unainua mkono, ukitaka yapunguze mwendo unaushusha. Siku moja nilirudisha kisukumio nikaanza kusukuma, kwa sababu nilikuwa na watoto saba na mikono miwili.

"Rajabu," akasema nyuma yangu, "huyo si gurudumu la baiskeli la kujazwa upepo."

Sikurudia tena.

Mambo ya moyo nilijifunza mwenyewe. Kulikuwa na kitabu kimoja kwenye kabati, kimekatika uti, kurasa za mwisho zimepotea. Sura ya moyo ilikuwamo yote. Sura ya figo iliishia katikati ya sentensi, na ndiyo maana hadi leo mtu akiniuliza juu ya figo humwelekeza kwa mwingine. Nilikuwa nimepanga chumba Kibomet, nyuma ya posho mili, mashine ya kusaga mahindi, na jioni nilikuwa nikisoma sura ile na kunakili kwenye daftari, nikitafsiri kila sentensi mpaka niielewe kwa lugha ya kwetu.

Jambo lenyewe si gumu. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu yake, kwa hiyo sehemu kubwa ya damu hupita njia ya mkato, mshipa mfupi unaounganisha mishipa miwili mikubwa inayotoka moyoni. Akishazaliwa na kuanza kupumua, mshipa huo hujifunga wenyewe. Lakini kwa aliyezaliwa mapema mara nyingi hubaki wazi. Damu nyingi kupita kiasi inamwagikia mapafu, na mtoto anapumua kama mtu anayepanda mlima akiwa na gunia. Kitabu kilisema sauti ya mshipa ulio wazi hufanana na mashine inayonguruma bila kupumzika. Nilisoma sentensi hiyo huku posho mili ya Kibomet ikinguruma ukutani, nikaona mwandishi na mimi tumeelewana.

Nikaanza kusikiliza mioyo. Kila mtoto aliyelazwa, dakika mbili, kisha naandika. Baada ya miezi kadhaa nikaisikia: chini ya mfupa wa bega la kushoto, posho mili ya mbali. Nikamwita Sista Chebet. Akaweka stethoskopu, akafumba macho.

"Ni mashine," akakubali. "Nani amekufundisha?"

"Kitabu, Sista."

"Basi usikiamini sana. Kitabu hakijawahi kushika mtoto."

Mshipa wa mtoto yule ulijifunga wenyewe baada ya siku chache. Jina langu halikujifunga. Nikawa mtu wa moyo. Madaktari wanafunzi waliniita nisikilize, na mimi nilienda nikiwa nimeinua kidevu kidogo. Nawaambia hili la kidevu kwa sababu litahusika mbele.

Nilipohamishiwa Bungoma nilihama na madaftari tisa na mazoea ya kupenda fomu. Fomu ya kulisha niliyoikuta pale ilikuwa imechoka, nikaichora upya kwa rula: saa, aina ya maziwa, kiasi, njia ya kulisha, kutapika, haja. Aliyenyonya titi hatukuweza kumpimia, kwa hiyo kwake tuliweka alama ya vema tu. Kulikuwa pia na fomu ya kumpokea mtoto, yenye kisanduku cha moyo. Unasikiliza siku anapoingia, unaandika "sawa", unaendelea na kazi. Nilijivunia fomu zile. Hospitali jirani waliomba nakala.

Ndipo akaja Nekesa kutoka Ndalu. Mtoto wake wa kiume alizaliwa wiki ya thelathini na moja, uzito kilo moja na gramu mia nne, mkali wa sura kama mzee wa baraza. Nilimpokea mwenyewe. Nikasikiliza moyo wake dakika mbili kamili, nikaandika "sawa". Na ulikuwa sawa, siku hiyo.

Nekesa alikuja pamoja na mama mkwe wake, bibi mfupi wa nguvu ambaye wadi nzima ilimwita kukhu, yaani nyanya. Kukhu hakukubali kwamba mwanamume anaweza kuwa nesi wa watoto. Wengine waliponiona waliniita daktari. Yeye alitafakari, akaamua kwamba anayelisha watoto ni sista.

"Sista Rajabu," aliniita siku ya kwanza, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "maji ya kunawa iko wapi?"

Kuanzia hapo nilikuwa Sista Rajabu hadi nilipostaafu. Hata kwenye keki waliandika hivyo.

Wiki za mwanzo zilienda vizuri. Mtoto alikula kwa mpira, akapanda hadi kikombe, akaramba kama paka. Alipofikisha wiki tatu na zaidi tulimweka kwenye titi. Hapo ndipo kukhu alipoanza kazi yake.

Kwao mtoto hupewa jina la mmoja wa ukoo aliyetangulia, na si watu wanaochagua, ni mtoto. Majina hutajwa moja moja, naye akitulia kwenye moja, basi huyo ndiye amerudi. Wengi huyataja mtoto anapolia. Mtoto wa Nekesa alikuwa mdogo mno kulia kwa muda wa maana, kwa hiyo kukhu akaamua kuyataja anaponyonya, kama alivyofanya kwa mwanawe Wafula. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, akaanza bila haraka.

"Wewe Khaemba, uliyechimba kisima, ni wewe?" Akasubiri, akimtazama usoni. "Si wewe. Wewe Mulongo, uliyekuwa na ng'ombe mweusi asiyekamuliwa na mtu mwingine, ni wewe?" Akasubiri tena.

Alikuwa na majina kumi na moja, na kila mmoja alipewa sifa zake na muda wake. Alipofika jina la nne, Makokha, mtoto aliachia titi akalala.

"Makokha!" kukhu akapiga paja. "Nilijua. Makokha alikuwa mtu wa kulala."

Kesho yake, Makokha tena. Keshokutwa, Makokha. Simu ikapigwa Ndalu kwamba kuku atayarishwe. Nami nilipita na fomu yangu, nikaweka vema: amenyonya, amelala.

Nekesa alinisimamisha siku moja. Alikuwa msichana wa maneno machache, na alisema haraka kama mtu aliyejifunga kibwebwe kwanza.

"Daktari, mtoto anatoa jasho akinyonya. Hapa kwa paji ya uso."

Niliangalia. Kweli, paji lilikuwa na unyevu. "Ni hii kofia ya sufu," nikamwambia. "Na chumba kina joto. Mvulie akinyonya."

Akamvulia. Sikuuliza tena.

Uzito ukasimama. Siku nne haukusogea hata gramu moja. Siku ya nne nilitazama fomu: vema, vema, vema, mtoto ananyonya mara nane kwa siku. Kama ananyonya na hakui, basi maziwa hayamfikii, na maziwa yanatoka kwa mama. Nilikuwa na watu wa kuhudumia na nilikuwa na uhakika. Nikamwambia Nekesa, mbele ya mama mkwe wake na kina mama wengine watano, kwamba asiwe mvivu, amwamshe mtoto, amwekee titi kwa bidii. Kwenye faili nikaandika hivyo hivyo: mama ahimizwe. Nekesa aliinama. Kukhu alimtazama mkaza mwana wake kwa namna ambayo sikuipenda, lakini mimi ndiye niliyeianzisha.

Siku tatu zilizofuata mtoto akapanda uzito, vizuri sana, gramu hamsini kwa siku moja peke yake. Nikafurahi na kujipongeza kwa maneno yangu makali. Kanuni yetu ilikuwa kwamba mtoto akipanda siku tatu mfululizo na amefikisha uzito, aende nyumbani. Nikamwandikia ruhusa ya Ijumaa. Shemeji zake Nekesa walikuwa wamesikia habari za uvivu, na mmoja alikuwa tayari ameuliza kwa simu kama si afadhali mtoto akifika alelewe na kukhu kwa maziwa ya ng'ombe.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nikizijaza karatasi za ruhusa pale kitandani kukhu aliponivuta mkono wa koti.

"Sista Rajabu, huyu mtoto si mtu wa kuaminika."

"Amefanya nini tena, kukhu?"

"Wiki jana alikuwa Makokha, si ulisikia? Jumanne akalalia jina ya tatu, Situma. Nikasema labda alikuwa amechoka. Leo nimefika kwa Mulongo tu, jina ya pili, ameacha titi. Mimi nimeshaita watu wakuje kula kuku ya Makokha. Sasa nitaambia watu nini?"

Kina mama wakacheka. Nami nilicheka, huku nikitafuta mahali pa kuweka sahihi.

"Labda anataka majina yote," nikasema. "Wafula je, baba yake? Alichagua nani?"

"Huyo! Huyo nilisema majina yote kumi na moja, nikarudia tena, na bado ananyonya tu kama ndama. Nikamwita Wafula kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa nimechoka, bana."

Kalamu yangu ilisimama hapo. Baba alinyonya majina ishirini na mawili. Mtoto alianza na manne, yakawa matatu, na sasa mawili. Fomu yangu nzuri iliyochorwa kwa rula ilikuwa na vema nane kila siku, na zote zilikuwa sawa, lakini hakuna mahali palipouliza amenyonya muda gani. Kukhu alikuwa na saa, na mimi sikuwa nayo.

"Kukhu," nikasema, "wakati wa kunyonya ukifika tena, usianze bila mimi."

Nilirudi na saa yangu ya kifuani nikakaa sakafuni. Nekesa alimweka mtoto kwenye titi bila kunitazama. Kabla hajaanza nilihesabu pumzi zake: hamsini na nane kwa dakika. Kukhu akaanza na Khaemba na kisima chake. Mtoto alivuta kwa nguvu, mzuri kabisa. Alipofika kwenye ng'ombe mweusi wa Mulongo, paji la uso lilikuwa linang'aa. Kofia haikuwepo. Nilikuwa nimeagiza ivuliwe wiki nzima iliyopita. Jina la Mulongo lilipokwisha mtoto akaachia, macho yakafumba. Dakika mbili na nusu. Nikahesabu pumzi tena: themanini na nne.

Yule mtoto hakuwa ameshiba. Alikuwa amechoka, kama mimi ningechoka kukimbia mpaka Kibabii na gunia. Nikabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, kukabaki kishimo. Zile gramu hamsini zilikuwa maji.

Nikaweka stethoskopu chini ya bega la kushoto. Posho mili ya Kibomet ilikuwa inasaga. Haikuhitaji mtu wa moyo kuisikia. Mshipa wa namna hii unaweza kunyamaza siku ya kwanza na kuanza kelele baada ya siku kadhaa, mapafu yanapolegea. Hilo lilikuwa kwenye daftari langu la pili, kwa mwandiko wangu, limepigiwa mstari. La jasho wakati wa kunyonya lilikuwa ukurasa uliofuata, mistari miwili. Daftari lilikuwa nyumbani kabatini.

Nilichana karatasi za ruhusa. Halafu nikasimama pale pale niliposimama siku ile nilipomkemea, kina mama watano wakiwa wale wale.

"Nekesa," nikasema, "nilikuambia wewe ni mvivu. Nilikosea. Ulinieleza juu ya jasho nami sikusikia. Maziwa yako hayana kosa. Ni moyo wake, kuna mshipa haujafunga, na kunyonya kunamchosha. Nisamehe."

Nekesa akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Nilikuambia mara mbili."

Ilikuwa kweli. Ya pili siikumbuki hata leo, na ndiyo inayonisumbua zaidi.

Kukhu alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine. "Kwa hivyo si Makokha?"

"Si Makokha, kukhu."

"Na huyu msichana hana makosa?"

"Hana. Na faili nitaiandika upya, uone."

Akavuta leso yake, akamfunika Nekesa mabega, ingawa chumba kilikuwa na joto. Kisha akatoka nje kupiga simu Ndalu. Tulimsikia dirishani: "Kuku asichinjwe! Nimesema asichinjwe! Na huyo aliyeongea mambo ya maziwa ya ng'ombe, mpatie simu nimwambie kitu."

Daktari wetu alisikiliza moyo, akaanza dawa ya kutoa maji. Tukarudisha mpira: mtoto anyonye dakika mbili apate raha ya kunyonya, yanayobaki yashuke yenyewe puani, Nekesa akishika bomba la sindano mwenyewe na kuinua mkono kama Sista Chebet. Jumatatu walipelekwa Eldoret kwa picha ya moyo. Mshipa ulikuwa wazi, tena mpana. Dawa ya kuufunga haikufaulu, kwa kuwa alikuwa amevuka umri ambao dawa hiyo hufanya kazi vizuri. Wiki moja mapema ingewezekana kujaribu kwa matumaini zaidi. Niliuliza swali hilo kwa simu, nikajibiwa, na nililiandika kwenye daftari la kumi. Waliufunga kwa upasuaji wa ubavuni.

Wakati hawapo nilichora fomu upya. Sasa ina safu ya muda, na safu ya pumzi kabla na baada, na kisanduku cha moyo kinachojazwa kila wiki, si siku ya kwanza tu. Wauguzi walinung'unika kwamba ni kazi ya ziada. Doreen, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa, akauliza mwongozo gani unaosema tupime muda. Nikamwambia ni mwongozo wa Ndalu.

Hilo ndilo jambo nililotaka kuwaandikia. Lililobaki ni la kwangu tu.

Walirudi kwetu baada ya wiki tatu kumalizia uangalizi. Mtoto alikuwa na kovu ubavuni na mashavu yameanza kuonekana. Paji la uso lilikuwa kavu. Nilisikiliza chini ya bega, nikasikiliza tena, na posho mili ilikuwa imefungwa. Kukhu alidai kigoda chake. Nekesa akamweka mtoto kwenye titi, nami nikakaa sakafuni na saa yangu, ingawa nilikuwa na kazi nyingine kumi.

Khaemba akapita na kisima chake. Mulongo akapita na ng'ombe wake. Situma akapita. Kwenye Makokha kukhu alipunguza mwendo, akarefusha sifa zake, akamsubiri kwa muda usio wa haki. Mtoto alivuta tu. Kina mama wa vitanda vya jirani walikuwa wameacha kuongea. Jina la saba, la nane. Kwenye la kumi Doreen alisimama mlangoni na trei yake. La kumi na moja lilikuwa la mzee ambaye hata kukhu hakumjua vizuri, akamalizia haraka.

Nikatazama saa. Dakika kumi na tatu. Kukhu akanigeukia, amekunja uso.

"Majina imeisha, Sista."

Nekesa hakuinua kichwa. Alikuwa akimtazama mwanawe akimeza.

"Anza tena, mama," akasema.

Kukhu akakohoa, akajiweka sawa kwenye kigoda, akarudi kwa Khaemba.